Mpira Uliolegezwa Demani

Msomaji wetu mmoja wa Malindi, Unguja, aliyekwenda Houston mwaka 2024 kumzuru mwanawe na jioni moja akapelekwa uwanjani kutazama besiboli, ametuandikia akitaka kujuzwa mambo mawili: ni vipi mpira mgumu, usio na hila yoyote ndani yake, uliotupwa kwa mkono wa binadamu, unaweza kwenda sawia mpaka karibu na mpigaji kisha ukazama chini ya gongo lake, na ni vipi mtupaji mwenyewe, aliyeingia mchezo ukielekea kwisha, akafanya kazi ya robo saa na kutoka, awe, kwa maneno ya huyo mwanawe, "amekwisha kula mishahara ya timu saba". Msomaji ameyatenga maswali haya. Mimi naona la pili limo tumboni mwa la kwanza.

Kanuni za mchezo sitazieleza, kwa kuwa zinachosha, na kwa kuwa mzee yeyote aliyepata kusimama kando ya kiwanja cha Mnazi Mmoja zama kriketi ilipokuwa ikichezwa pale atazikisia nyingi katika hizo: yuko anayetupa, yuko anayepiga, na wako waliotawanyika kuudaka mpira. Itoshe kujua kwamba mchezo una zamu 9, kwamba aliyeanza kutupa aghalabu hazimalizi zote, na kwamba nyuma ya ua hukaa watupaji wengine saba au wanane wakingoja kuitwa. Hao nitawaita wapokezi. "Mtupaji wa akiba" ndilo jina lililonijia kwanza, lakini akiba ni kitu kinachowekwa kisiguswe, na watu hawa huguswa karibu kila usiku.

Mpokezi aliyeonwa na msomaji wetu ni Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg mwaka 1992, ambaye Chicago Cubs walimchagua mwaka 2011 akiwa kijana, na ambaye tangu hapo alizurura katika ligi za chini kwa miaka minane, akitolewa timu hii na kupokewa na ile, hata Juni 2019 Seattle Mariners walipompandisha akawa mtupaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini kucheza katika ligi kuu ya Marekani. (Mwafrika wa kwanza kabisa katika ligi hiyo alikuwa Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini pia, aliyeingia na Pittsburgh Pirates Aprili 2017, lakini yeye hakuwa mtupaji.) Mwaka ule ule wa 2019 Scott alihamia Baltimore Orioles, kisha akavuka bahari kwenda Japani kuitumikia Hiroshima Toyo Carp, mwaka 2022 alirudi na San Diego Padres, mwaka 2023 alivaa jezi za Los Angeles Dodgers, Boston Red Sox na Oakland Athletics katika msimu mmoja, na mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 32, alitua Houston Astros akatupa katika michezo 62, na kwa kila zamu 9 akaandikiwa wastani wa mbio 2.23 tu, yaani pointi zilizohesabiwa juu yake, jambo ambalo kwa mpokezi yeyote ni fahari.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, mahali ambapo roho yangu imekuwa ikitamani kufika tangu mstari wa kwanza. Una uzito wa gramu 145 hivi, mzingo wa sentimita 23, na vipande viwili vya ngozi vilivyoungwa kwa mishono 108 ya jozi, ya uzi mwekundu uliotuna. Kutoka kwa mtupaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44, ila mtupaji hujinyoosha mbele kabla ya kuuachia, hata masafa yaliyobaki yakawa kama mita 16.5, na mpira unaotoka mkononi kwa kasi ya kilomita 148 kwa saa huyakata kwa sekunde 0.42. Katika muda huo dunia haiachi kuuvuta. Kitu chochote kilichoachiliwa, kiwe embe au risasi, huanguka sentimita 86 kwa sekunde 0.42. Lakini mpira wa kasi wa besiboli hauanguki sentimita 86. Huanguka kama nusu yake, na ile nusu nyingine hubebwa na hewa.

Namna unavyobebwa ndiyo hikima yenyewe. Mtupaji huushika kwa kidole cha shahada na cha kati, vikiwa vimekaribiana juu ya mishono, na gumba likiwa chini. Na mkono unapokwenda mbele, vidole hivyo viwili ndivyo vya mwisho kuuaga, vikiukwaruza kwa nyuma kuelekea chini, hata mpira ukaondoka ukijiviringisha kinyumenyume, uso wake wa juu ukirudi kwa mtupaji na wa chini ukimwendea mpigaji, mizunguko 2,300 kwa dakika, yaani mizunguko 16 hivi kabla ya kufika. Hewa inayokutana na mpira huo hugawanyika. Ile ya juu hukuta uso unaokimbia pamoja nayo, ikasuhubiana nao, ikauambaa mpaka nyuma. Ile ya chini hukuta uso unaokuja kuikabili, ikagombana nao na kuachana nao mapema. Matokeo yake ni kwamba mkia wa hewa unaobaki nyuma ya mpira hauendi sawa bali huinamia chini. Na maadamu mpira umeisukuma hewa chini, hewa nayo huusukuma mpira juu kwa kiasi kile kile. Newton aliligusa jambo hili mwaka 1672 kwa mpira wa tenisi, na mwaka 1852 Mjerumani Heinrich Gustav Magnus akalifanyia majaribio, na jina lake ndilo lililobaki nalo.

Watu wa Unguja hawana haja ya maabara ya Magnus, kwani wanayo bahari. Aketi mtu Forodhani wakati wa kusi, azitazame ngalawa zikitoka upande wa Changuu kurudi mjini, upepo ukiwa unatoka huko huko zinakotaka kwenda. Nahodha hapigani na upepo kifua kwa kifua; huukabili kwa mshazari, akapiga bisha huku na huku, na tanga lake, likiwa limekazwa na kujaa, huupinda upepo, hata upepo ulioingia kwa njia moja ukatoka kwa njia nyingine, na kwa kule kuupinda, chombo hulipwa msukumo wa kupanda joshini. Kamba inayoshika yote haya ni demani. Nahodha akiikaza, tanga hufanya kazi. Akiilegeza, tanga hupigapiga, upepo hupita bila kupindwa, na ngalawa, ambayo muda wote ilikuwa ikivutwa na mkondo wa maji bila sisi kuuona, huanza kuchukuliwa na mkondo huo. Mtu wa bara aliyesimama ukutani atasema mkondo umekuja ghafla ukaikamata. Baharia atamwambia kwamba mkondo ulikuwapo tangu asubuhi, haukuongezeka wala kupungua, na kilichobadilika ni kwamba ile nguvu iliyokuwa ikiupinga imeondolewa kwa mkono mmoja uliolegeza kamba moja. Na baharia akiwa mjanja, anaweza kuilegeza kidogo tu, asionekane na mtu, wala sura ya chombo isibadilike, mpaka wenzake katika mashindano watambue kwamba hayupo pale walipodhani yupo.

Mpira unaotupwa na Scott, ambao huitwa splita, ni mpira uliolegezwa demani. Mvuto wa dunia ndio mkondo wake, na vidole ndivyo kamba. Anautanua mkono, kidole cha shahada upande huu na cha kati upande ule, nje ya mishono, mpira ukakaa katika uma baina yao. Kisha bega, kiwiko na kifundo vikafanya yale yale vinavyoyafanya kwa mpira wa kasi, kwa nguvu zile zile na uso ule ule wa mtupaji. Ila vidole havina tena pa kukwaruza. Hupita ubavuni mwa mpira badala ya mgongoni mwake, na mizunguko, badala ya 2,300, huwa kama 1,300 au pungufu. Hewa haipindwi sana, mpira haubebwi sana, na kwa kuwa pia umepungua mwendo kidogo, hufika mbele ya mpigaji ukiwa chini ya mwenziwe kwa dhiraa moja, tuseme sentimita 45, ilhali gongo, pale lilipo nene kuliko pote, halizidi sentimita 6.6.

Kwa hiyo jawabu la swali la kwanza ni kwamba mpira ule haukuzama ghafla. Njia yake ni upinde laini tangu mwanzo hata mwisho. Kilichokatika ghafla ni hesabu ya mpigaji. Kulizungusha gongo huchukua kama sekunde 0.15, na hivyo mpigaji hana budi kuamua wakati mpira ungali njiani, akiutazama unavyoanza na kukisia unavyokwisha. Na hapa pana jambo ambalo kila nilifikiripo hunifurahisha upya: tofauti ya mipira hii miwili haikui kwa kufuata muda, bali kwa kufuata mraba wa muda, hata muda ukiwa maradufu tofauti huwa mara nne. Mpaka mpigaji anapotoa amri kwa mikono yake, mipira miwili imeachana kwa chini ya nusu ya dhiraa ile. Sehemu iliyo kubwa huja baada ya amri, na amri haifutiki.

Mishono nayo ina vitimbi vyake katika hewa, na vidole vya watu havifanani, tuyaache hayo. Nitaongeza tu kwamba katika mji wa Denver, ulioinuka mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyembamba, mpira wa kasi haubebwi ipasavyo, na watupaji huuchukia mji huo kama manahodha wanavyouchukia upepo uliolala.

Sasa swali la pili. Riziki ya mpokezi imesimama juu ya dhiraa moja. Vidole vikikaribiana zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa jasho au kwa uchovu, splita hupata mizunguko isiyoihitaji, haizami, na hupigwa ikatoka nje ya uwanja. Fauka ya hayo, hesabu inayomhukumu haina huruma, kwa kuwa kazi yake ni chache. Tuchukue mpokezi aliyetupa zamu 20 kwa wastani wa mbio 2.25: pigo moja tu, likiwakuta wakimbiaji watatu uwanjani, humtoza mbio 4, na wastani wake hupanda hadi 4.05, yaani kutoka mtu wa kutegemewa mpaka mtu wa kufungiwa virago. Mtupaji anayeanza, mwenye zamu 180, pigo lile lile humwongezea 0.20 tu, na hakuna anayelitaja kesho yake. Wakubwa wa timu wanalijua hili vizuri, na hata hivyo humwacha mtu, maana orodha ya wachezaji, kwa sehemu kubwa ya msimu, haizidi 26, na kila usiku kuna bega jipya linalohitajika. Kisha timu jirani, nayo ikiijua hesabu hiyo hiyo, humwokota kwa bei ndogo ikitumaini kwamba pigo lile lilikuwa bahati mbaya. Ndivyo mtu mmoja alivyovaa jezi tatu katika mwaka 2023 na mwaka uliofuata akawa nguzo, bila ya mkono wake kubadilika sana. Mimi naona Houston hawakumgeuza Scott. Walimpa muda wa kutosha ili hesabu itulie.

Huku kwetu mchezo huu si mgeni kama wengi wanavyodhani. Vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Marekani, mwaka 2012. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma, ambaye ni mtupaji, na Umar Male. Na Mganda mwingine, David Matoma, amesajiliwa na Pittsburgh Pirates, mpokezi ambaye mpira wake hufikia karibu kilomita 160 kwa saa. Kwa kasi hiyo mpira hufika kwa sekunde 0.39, na dunia hupata nafasi ya kuuvuta sentimita 75 tu.

Kwa Tanzania, uwanja wa besiboli uko Dar es Salaam, katika Shule ya Sekondari ya Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani, na kutoka bandarini Malindi ni safari ya boti ya saa mbili hivi. Atakayekwenda asiketi pembeni, hata kama kivuli kiko huko, kwani kwa pembeni mipira miwili huonekana kuwa miwili mapema mno na utamu wote hupotea. Asimame nyuma ya wavu, mgongoni mwa mpigaji, avumilie jua.