Programu Zinazosoma Jenomu ya Kiazi na Manufaa Yake kwa Mkulima wa Njombe

Katika nyanda za juu za Njombe, ambako baridi na mvua hustawisha viazi mviringo vinavyosafirishwa kwa malori kupitia njiapanda ya Makambako, hali hiyohiyo ya hewa huchochea ugonjwa wa ukungu, yaani bakajani chelewa, ambao usipodhibitiwa huweza kuteketeza shamba zima kwa siku chache. Kwa kuwa kupiga dawa mara kwa mara ni gharama kubwa kwa mkulima, suluhisho la kudumu zaidi ni mbegu zenye ukinzani, na utafutaji wa mbegu hizo sasa hutegemea pia programu za kompyuta za kusoma na kufafanua jenomu.

Jenomu ni jumla ya maelekezo ya urithi ya kiumbe, yaliyopangwa kwa mfuatano wa kemikali nne zinazowakilishwa na herufi A, C, G na T. Mwaka 2011 wanasayansi wa nchi mbalimbali walichapisha jenomu ya kiazi, inayokadiriwa kuwa na herufi milioni 844 na jeni zaidi ya 39,000, jeni zikiwa ni vipande vya mfuatano huo ambavyo huielekeza seli kutengeneza protini. Mtu anayesoma herufi moja kwa sekunde, usiku na mchana, angehitaji zaidi ya miaka 26 kuimaliza, na bado asingejua jeni ipi inaanzia wapi wala inafanya kazi gani.

Hapo ndipo kivinjari cha jenomu, kama vile JBrowse, kinapohitajika. Kromosomu, yaani uzi unaobeba jeni, huonekana kwenye skrini kama mstari mlalo wenye vipimo, na chini yake hupangwa safu za taarifa. Mtafiti anaweza kufungua kromosomu ya 8, ambayo ndiyo iliyobeba jeni ya ukinzani iitwayo RB katika kiazi mwitu cha Meksiko, akakuza picha hadi jeni za eneo hilo zionekane kama visanduku vilivyounganishwa kwa mistari myembamba: visanduku ni sehemu ambazo seli huzitumia, na mistari ni sehemu ambazo hukatwa na kuachwa. Akikuza zaidi, herufi zenyewe hujitokeza, zikiwemo ATG, ambazo kwa kawaida huashiria mahali protini inapoanzia.

Mipaka ya visanduku hivyo hukadiriwa kwanza na kompyuta, nayo hukosea. Kwa kutumia programu kama Apollo, mtaalamu husogeza ukingo wa kisanduku, huunganisha jeni iliyogawanywa kimakosa, kisha huandika kazi ya jeni hiyo na ushahidi uliopo. Uangalifu huu ni wa lazima, kwa sababu maelezo ya jeni moja mara nyingi hunakiliwa kwenye jenomu nyingine zinazofanana nayo, na kosa lisiposahihishwa husambaa.

Kimelea cha ukungu nacho kilisomwa mwaka 2009, ikabainika kwamba takribani robo tatu ya jenomu yake ni mifuatano inayojirudiarudia, na kwamba jeni zake nyingi za kushambulia mmea zimo katika maeneo hayo yanayobadilika upesi, jambo linaloeleza kwa nini ukinzani wa mbegu huvunjwa mapema.

Hata hivyo, mmea uliosomwa mwaka 2011 ulitayarishwa maabara ili nakala za kromosomu zake zifanane, ilhali viazi vya kawaida vinavyolimwa huwa na nakala nne zinazoweza kutofautiana. Kwa hiyo jenomu hiyo haitoshi kueleza Kikondo na aina nyingine zinazolimwa Njombe. Nazo zinastahili kusomwa na kupangwa chini ya mstari huohuo wa kivinjari ili tofauti zao zionekane. Uwezo upo: watafiti wa Tanzania, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, wameshiriki kutambua virusi vya mihogo kwa mashine ndogo ya kusoma vinasaba inayobebeka hadi shambani, na JBrowse na Apollo hupatikana bure. Kinachohitajika ni kuwafundisha vijana kazi hii ya ufafanuzi, kwani wanaolijua tatizo la mkulima wa Njombe ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuzichunguza jeni zitakazolitatua.