Mkopo Unaosoma Simu Yako

Kampuni ya simu ya Safaricom ilipozindua M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, nchini Kenya, Machi 2007, mitambo iliyotumika haikuwa mipya. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulikuwa umetumwa Uingereza mwaka 1992, na menyu inayokaa ndani ya laini ilikuwa teknolojia ya miaka ya 1990. Simu zenyewe zilikuwa zile za vitufe. Upya ulikuwa kwenye mpangilio. Mwenye duka la mtaani akawa wakala, akaweka floti, akapokea noti na kuzigeuza kuwa salio. Huko kijijini wakala mwingine akaligeuza salio kuwa noti tena. Kabla ya hapo, pesa nyingi za nyumbani zilikuwa zinapanda basi, zikikabidhiwa dereva au utingo, au zikingoja ndugu anayesafiri.

Huo ni ubunifu: watu kupanga upya namna ya kufanya shughuli zao, hata kwa vyombo vya jana. Maendeleo ya teknolojia ni jambo jingine. Ni chombo kuongezewa uwezo, kikawa na kasi au kumbukumbu kubwa kuliko kile cha kabla yake. Tukiyachanganya haya mawili, tunashangilia nguvu za chombo kabla ya kuuliza zimewekwa mikononi mwa nani.

Na ubunifu wenyewe haukuanzia ofisini peke yake. Majaribio ya M-Pesa yalianza mwaka 2005, Nairobi na Thika, lengo likiwa wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho kwa simu. Wateja wakafanya yao: wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliosimamia majaribio waliliona hilo, na huduma ilipotoka rasmi ikajengwa juu ya kutuma pesa. Muuza mboga akapata mahali pa kuweka akiba pasipojulikana na kila mtu nyumbani kwake. Kwangu mimi uhuru huanzia hapo, kwenye mambo madogo ambayo mtu anayaamua mwenyewe.

Novemba 2012 ikaja M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, na simu ikaanza kumpima mwenye nayo: anaweka kiasi gani, anatumia vipi, akopeshwe au asikopeshwe. Miaka michache baadaye, simu janja zilipoenea, zikaja programu za mikopo zinazosoma ujumbe, orodha ya majina na mahali ulipo. Kiteknolojia, hatua hii ni kubwa kuliko ile ya 2007. Lakini tazama biashara yenyewe: pesa kidogo, muda mfupi, ada nzito. Ndiyo ile ile ya mkopeshaji wa mtaani tuliyemjua siku zote. Ada ya M-Shwari ilipoanza ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Anayekopa na kulipa hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha amelipa ada ya asilimia 90 ya kiasi anachokopa. Sikatai kwamba mtu asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara alipata mkopo usiku wa manane mtoto akiumwa. Hilo lina thamani kubwa. Ila mkopeshaji wa zamani hakuwa na namba ya mama mkwe wako.

Na hilo ndilo lililowaumiza watu. Unapakua programu, kinatokea kitufe cha kuruhusu isome majina yako, unabonyeza kwa sababu usipobonyeza hupati kitu. Siku ya kulipa ikipita, anapigiwa bosi wako, anapigiwa mweka hazina wa chama, wanaambiwa una deni. Watu hao hawakukopa, hawakubonyeza chochote, na namba zao zimetumika kukuaibisha. Uhuru uliopotea hapo si wa mkopaji peke yake.

Sheria zimeanza kufika. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuchukua orodha ya majina ya mteja ili kuwatumia watu hao ujumbe anapochelewa kulipa. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Lakini jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni lile lisilo na kelele: uamuzi wa kukunyima mkopo unaofanywa na mashine, kisha ukaletewa ujumbe wa mstari mmoja usio na sababu. Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya kinampa mtu haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, na unaomwathiri kwa uzito, ufikiriwe upya. Mteja aliyenyimwa mkopo kwa njia hiyo aandike kuomba hivyo, na akipuuzwa apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.