Punda Anayeruka Ua: Amana Yetu, Haki ya Jirani



Wenye punda wa maji katika vitongoji vya Voi wanaijua asubuhi ya namna hii. Sala ya alfajiri imekwisha, mama ametoka uani na mitungi yake, na zizini hamna kitu. Lango limefungwa vile vile lilivyoachwa jana jioni, komeo liko mahali pake, wala hakuna ufito uliovunjika. Punda ameruka. Kabla jua halijapanda, hodi inapigwa: jirani amesimama mlangoni na mabua ya mahindi yaliyotafunwa mkononi.

Siku hiyo nyumba hupata hasara mara mbili. Maji hayatafika, na ya kumlipa jirani itabidi yatafutwe. Hata hivyo hiyo ndiyo asubuhi ya heri, kwa sababu punda ameonekana akiwa hai. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina takriban asilimia 62 ya ardhi yake ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Simba na fisi hawaulizi mpaka wa shamba. Nayo barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita kando ya mji, na malori hayalali. Punda mweusi usiku wa giza, katikati ya lami, ni mauti yake na pengine ni mauti ya dereva na abiria. Basi suala la mnyama anayeruka ua si dogo kama linavyosikika.

Kwa nini huruka?

Wengi wetu husema punda huyo ni mkorofi, kisha tukachukua fimbo. Lakini mnyama haruki bila sababu, na dawa hutafutwa palipo na sababu.

Ya kwanza ni njaa. Zizi likiwa vumbi tupu, na ng'ambo ya ua kunde na mahindi yamechipua kwa mvua za vuli, kuruka ni jambo la akili kwake. Ya pili ni upweke. Punda ni mnyama wa kuishi na wenzake. Akifungiwa peke yake hulia, huzunguka kando ya ua, na hatimaye huwafuata wenziwe anaowasikia kwa mbali. Ya tatu ni msimu wa kupandana, hasa kwa dume ambaye hajahasiwa. Ya nne ni hofu ya mbwa au harufu ya fisi. Ya tano ni mazoea: akiruka mara moja akashiba, amekwisha kujifunza, na wenzake humwiga.

Mama wa nyumba anaweza kuitambua sababu kwa kutazama tu. Akiruka na kukutwa shambani, ni njaa. Akiruka na kukutwa kwa punda wa jirani, ni upweke au msimu. Akiruka na kukutwa mbali akitokwa jasho, alitishwa.

Ua wa namna gani?

Asidhani mtu kwamba urefu pekee unatosha. Huko Chile mwaka 1949 farasi aitwaye Huaso aliruka kizuizi cha mita 2.47, na hakuna farasi aliyeipita rekodi hiyo hadi leo. Punda wetu hafiki huko, lakini aweza kuruka akiwa amesimama, bila kuhitaji mbio za farasi. Kwa punda wa kawaida ua wa mita 1.2 huwa unatosha. Kwa aliyezoea kuruka, uinuliwe hadi mita 1.5, yaani usawa wa kidevu cha mtu mzima wa kimo cha wastani.

Muhimu zaidi, ua uonekane. Mnyama hupima kwa macho. Waya mwembamba hauoni vizuri, hivyo huuparamia na kujikata. Seng'enge hupasua kifua na miguu, na jeraha la hapo hupona kwa taabu. Ufito mnene wa juu, uliofungwa barabara kwenye nguzo, ni bora kuliko waya tano zilizolegea. Miiba ya mgunga, ambayo wazee wetu waliijengea maboma, ingali kinga nzuri. Ipangwe kwa nje, vitako vya matawi vikielekea ndani, isimchome macho.

Kisha tazama chini. Rundo la samadi au mawe likikaribiana na ua, hilo ni ngazi. Kwa wanaoishi miteremko ya Wundanyi na Mwatate, ua uliojengwa chini ya mteremko huwa mfupi kwa mnyama anayetokea juu. Ujengwe pale ardhi ilipo sawa, au uongezwe kimo upande huo.

Kumfungulia malishoni

Mnyama aliyefungiwa muda mrefu asifunguliwe ghafla. Atangulizwe majani makavu kidogo na maji, ili asitoke na njaa kali. Siku za kwanza atembezwe kwa hatamu kando ya ua wote, auone na kuujua. Awe na mwenzake. Kama hakuna punda wa pili, hata mbuzi aliyezoeana naye hupunguza upweke. Aachiwe kwa muda mfupi mchana, mtu akiwapo, kisha muda uongezwe siku baada ya siku.

Akirejea mwenyewe au akiitikia mwito, apewe pumba kiganjani. Anayempiga punda aliyerudi anamfundisha kwamba kurudi ni adhabu, na kesho hatarudi.

Dume asiyetakiwa kuzalisha ahasiwe na daktari wa mifugo, si kwa kisu cha nyumbani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamlinda punda kama inavyowalinda wanyama wengine.

Vipi kuhusu kamba? Ikibidi, iwe kwa hatamu ya kichwani, kamwe isifungwe mguuni kwa waya au katani kavu inayokata ngozi. Pawe na kivuli na maji anayoyafikia, na mtu wa kumtazama. Kumfunga miguu pamoja ni hatari katika nchi hii yetu: hataweza kumkimbia fisi, na punda mjanja hujifunza kuruka hata akiwa amefungwa.

Wakazi wa Sagalla wana tahadhari ya ziada. Huko baadhi ya mashamba yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kila baada ya mita 10 hivi na kuunganishwa kwa waya, ili tembo akiugusa nyuki watoke. Ni kinga nzuri inayotoa pia asali. Lakini punda aliyefungwa kamba karibu na mizinga hana pa kukimbilia, na nyuki wengi waweza kumuua.

Usiku

Mchana ni malisho, usiku ni boma. Mnyama anayeruka asilale malishoni hata siku moja. Boma liwe karibu na nyumba, liwe dogo kiasi cha kumnyima nafasi ya kuruka, na liwe na majani ya kutafuna hadi alfajiri. Taa zinazowakawaka husaidia kuwafukuza simba. Ubunifu huo ulifanywa na Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa babake kando ya mbuga ya Nairobi.

Haki ya jirani

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Surat Al-Anbiyaa imetajwa kesi ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wanaeleza kwamba Nabii Dawud (A.S.) alihukumu kondoo wapewe mwenye shamba, na mwanawe Sulayman (A.S.) akatoa hukumu nyepesi zaidi: mwenye shamba awachukue kondoo na anufaike na maziwa na sufi zao, huku mwenye kondoo akilitengeneza shamba hadi lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake.

Na katika zama za Mtume wetu (S.A.W.), ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Azib aliingia katika bustani ya watu na kuiharibu. Mtume aliamua kwamba mchana wenye mashamba walinde mashamba yao, na usiku wenye wanyama wabebe dhamana ya kinachoharibiwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameongeza kwamba aliye pamoja na mnyama wake hudhamini uharibifu wake, usiku na mchana. Kwa hiyo mwenye punda aliyeruka usiku baada ya kuachwa ovyo asingoje kushitakiwa. Atangulie yeye kubisha hodi, aombe radhi, na alipe.

Wala asimtolee mnyama hasira. Mtume aliyempakia Muadh bin Jabal nyuma yake juu ya punda aitwaye Ufair, ndiye aliyekemea vikali alipomwona punda aliyetiwa chapa ya moto usoni. Na alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, jibu lilikuwa afunge kwanza, kisha atawakali.

Jioni hii, mama msomaji, kabla ya Magharibi, uzungukie ua wako. Tikisa nguzo, ondoa rundo la samadi, tupia majani. Kisha sema Bismillahi na ufunge lango.

Wabillahi tawfiq.