Kutu ya kisu cha kupogolea: Dawa yake imo katika majanichai

Na MWANDISHI WETU

MVUA ambayo ni neema kwa wakulima wa majanichai wa Kericho na Bomet ndiyo pia adui mkubwa wa zana zao. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu na kuleta mvua ya alasiri, mara nyingine ikiandamana na mvua ya mawe. Kisu kinachotupwa ghalani kikiwa na maji na utomvu hupatwa na kutu kabla ya siku nyingi kupita.

Hasara yake haikomi kwenye kisu. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4, na kisu chenye makali yaliyoliwa na kutu hakikati tawi bali hulipasua. Kidonda kilichochanika huchelewa kupona, na ndicho mlango wa kuvu kama Hypoxylon, ambao huozesha shina polepole. Mchai ni mmea wa kuvunwa kwa miongo mingi. Kuupoteza kwa sababu ya kisu kibovu ni hasara isiyo na sababu.

Wengi hukimbilia msasa, wakasugua mpaka chuma king'ae. Hata hivyo, chuma kilichoachwa uchi hushika kutu upya haraka. Kutu nyekundu ni zao la chuma, maji na hewa ya oksijeni. Ni legelege na ina vinyweleo, hivyo hupitisha maji hadi kwenye chuma kilichomo ndani. Kinachohitajika ni kukivisha chuma utando mwembamba ulioshikamana nacho.

Kanuni hiyo si ngeni. Mafundi wa bunduki wa zamani waliacha mtutu ushike kutu kidogo, wakauchemsha katika maji safi hadi wekundu ukageuka weusi, wakausugua na kurudia mara kadhaa. Utando huo mweusi ulihifadhi mafuta na kuzuia kutu. Nchini Kenya kazi ya kutengeneza bunduki si ya kujaribiwa nyumbani, kwani Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, imewaachia wafanyabiashara waliosajiliwa. Kisu cha shamba, kwa upande wake, hakihitaji leseni.

Mkulima wa Litein au Mogogosiek ana njia iliyo rahisi zaidi. Majanichai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutengeneza kitu cheusi kisichoyeyuka upesi katika maji. Wino mweusi uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi ulitokana na muungano huo, na watunzaji wa makumbusho hutumia asidi ya tanini kuhifadhi vyuma vya kale. Ndiyo sababu pia wataalamu wa lishe huwashauri watu wenye upungufu wa damu wasinywe chai pamoja na chakula: tanini hushika madini ya chuma kabla mwili haujayanyonya.

Hatua za kufuata

Kwanza, kisu kioshwe kwa maji moto na sabuni ili utomvu na mafuta yatoke. Kutu iliyolegea iondolewe kwa brashi ya waya au msasa. Kisha bapa litumbukizwe katika siki usiku mmoja, mpini wa mti ukiachwa nje. Asubuhi lisuguliwe, lisuuzwe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, na likaushwe.

Pili, konzi 2 za majanichai makavu zichemshwe katika lita 1 ya maji kwa dakika 15 hivi. Chai ikishapoa, iongezwe siki kidogo na bapa lizamishwe humo kwa saa kadhaa. Litatoka jeusi au la kijivu kilichokolea. Lisuuzwe, likaushwe kabisa, kisha lipakwe mafuta mepesi ya mashine. Makali yanolewe mwisho, kwa kuwa kunoa huondoa utando.

Tahadhari

Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoa gesi ya sumu. Kazi yote ifanyiwe mahali penye hewa. Asidi ya betri isitumiwe: huchoma ngozi na kula chuma kizima. Mafuta machafu ya injini nayo hayafai, kwani yana kemikali zenye madhara zinazoweza kuhamia mikononi na kwenye mimea.

Anayenoa kwa mashine achovye kisu majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya samawati, joto limekwisha kuua ugumu wa feleji, na kisu hicho kitakuwa butu upesi hata kikinolewa vipi.

Utando wa tanini ni mwembamba na hautadumu milele. Hauchukui nafasi ya kufuta kisu kila jioni na kukipaka mafuta kabla ya kukitundika mahali pakavu. Hata hivyo, unampa mkulima kinga ya bei nafuu, itokayo katika zao lake mwenyewe, na mchai ukapata mkato safi unaopona upesi.