Noeli nyumbani: tarehe 25 ni chakula, tarehe 26 ni kesi ya shamba

Kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili, parkingi za Bukavu, Goma, Butembo na Bunia zinajaa watu wenye mifuko ya mchele, bidon za mafuta, sukari, sabuni na nguo za watoto. Ni watu wa mji wanaoenda kwao mashambani. Kuku, maharagwe na ndizi vitapanda gari kisha, wakati wa kurudi.

Watoto wako vakansi ya wiki mbili hivi. Wafanyakazi wako na siku chache za kupumzika, na tarehe 4 Januari, siku ya mashahidi wa uhuru, ni konje tena. Kwa hiyo, kati ya tarehe 20 Desemba na mwanzo wa Januari ndipo famili nzima inaweza kuonana: baba wakubwa na baba wadogo, mashangazi, wajomba, wakwe, mashemeji, wajukuu. Miezi mingine ya mwaka famili kubwa inakutana juu ya kilio tu, na kwenye kilio hakuna mtu mwenye kichwa cha kuongea mambo marefu.

Watu wanaongea sana juu ya kula kwa Noeli. Kile wanachoongea kidogo ni kwamba siku hizi ndizo famili inakata mashauri yake ya mwaka: mahari iliyobaki, kutosha kilio cha marehemu, nani atalipia mtoto yatima masomo, na zaidi ya yote, shamba na nyumba aliyoacha baba. Mwenye hayuko, mara nyingi wanamkatia bila yeye.

Feza inatoka wapi

Mtu wa mji hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mmoja anaijua: kikwembe cha mama, kitu kidogo cha baba mkubwa, nguo mpya kwa watoto wa ndugu, na feza ya nyama. Kuko watu wanaopitisha Noeli peke yao katika chumba cha kupanga, na ukiwauliza wanasema kazi ni nyingi. Kazi si nyingi. Wanaogopa haya.

Ndiyo maana mwezi huu unategemea sana vikundi vya kuweka akiba, vile watu wanaita AVEC. Namna hiyo ya kuweka akiba ilianzia Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, kwa msaada wa shirika la CARE, na leo ni vigumu kupata kijiji cha Kivu ao Ituri ambacho hakina hata kikundi kimoja. Watu 15 mpaka 25 wanaojuana wanakutana kila wiki. Kila mmoja ananunua sehemu, kuanzia moja mpaka tano, kwa bei waliyopatana. Feza inaingia katika kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo zinabebwa na watu watatu tofauti, kusudi mtu mmoja asifungue akiwa peke yake. Wanachama wanakopa humo na kurudisha na faida kidogo. Kando kuko kasa ya kusaidiana, kwa ugonjwa na kilio.

Baada ya miezi 9 mpaka 12 kisanduku kinafunguliwa, na kila mtu anapata akiba yake pamoja na faida, kufatana na sehemu alizonunua. Vikundi vingi vinapanga siku hiyo iangukie mwezi wa kumi na mbili, juu ya Noeli. Hapo kuko mtego: masomo yanaanza tena Januari, na mbegu za msimu zitahitajika, lakini feza yote inaingia mkononi wiki ile ile ambayo soko la Kadutu ao la Virunga linapandisha bei. Vikundi vingine vimepata ujanja wa kugawanya mara mbili, sehemu moja kabla ya Noeli na nyingine wiki ya kwanza ya Januari. Si mbaya hata kidogo.

Kuko tena vita. Tangu Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki za miji hiyo zilifunga milango. Feza ya ndugu wa Kinshasa ao wa ng'ambo ikaanza kupita zaidi katika simu, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na anayeitosha kwa simu analipa kitu juu yake. Famili inayotaka kununua mbuzi wa pamoja inapashwa kuhesabu hicho pia. Kama sivyo, mwenye kupokea ataonekana kama amekula sehemu, na ugomvi utaanza kabla mbuzi hajafika.

Njia

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa kwa sababu ya vita hiyo, kwa hiyo anayetoka Kinshasa analazimika kuzunguka kupitia inchi jirani, na safari inakula feza iliyopashwa kwenda kwa famili. Barabara kati ya Sake na Minova ilikatwa na mapigano mwanzoni mwa 2024. Wakati barabara inakatwa, watu wote na mizigo yao wanaingia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba kupita kiasi, na watu kwa makumi wakakufa wakiwa wanaona inchi kavu. Mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, boti nyingine ilizama katika mto Busira, jimbo la Équateur. Watu wasiopungua 38 walikufa, na wengi kati ya abiria walikuwa wanarudi nyumbani kwa Noeli.

Katika misiba hii yote miwili boti ilibeba kupita nguvu yake, na ni katika wiki ya Noeli ambapo msafiri anakubali kupanda juu ya magunia kwa sababu anasema nitafika. Kusafiri tarehe 18 badala ya 23, kama kazi inaruhusu, kunapunguza hatari hiyo na mara nyingi bei pia. Jile inavaliwa, kuikalia kama mto haisaidie kitu.

Watu 30 katika nyumba ya watu 7

Nyumba ya wazazi ina vyumba vitatu. Wazee wanapata vitanda, wanaume vijana wanalala sebuleni juu ya mikeka, watoto wanapangwa kwa upana wa kitanda, vichwa ku ukuta. Wakamwana, wake wa watoto wa nyumba, wanalala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Bidon moja ni lita 20. Watu 30 wanaopika, wanaoosha vyombo na kuoga hawatumie chini ya bidon 15 kwa siku, na mahali pengi kisima kiko chini ya mlima. Hesabu hiyo mara nyingi inaangukia mabega ya wanawake wawili ao watatu. Famili zinazoishi vizuri siku hizi ni zile zilizotuma vijana wanaume kuchota maji bila kungoja kuambiwa, na zilizoweka kitu kidogo cha kulipa mtu wa kubeba kuni.

Juu ya meza kila mtu anajua: bugali, sombe yenye mafuta ya mawese, wali kwa watoto, nyama, sambaza kwa wale wa kandokando ya ziwa Kivu, ndagala kwa wale wa Tanganyika. Mashambani kwa Bashi, dende wanaofugwa jikoni wanaokoa famili ambayo haikupata mbuzi. Wazee wanapata kasiksi. Kisha misa ao ibada, watoto wanatembeza nguo zao mpya, na tarehe 25 inaisha salama.

Tarehe 26

Kesho yake asubui, mzee mmoja anasema: kwa kuwa wote muko hapa, tuongee. Mara nyingi ni juu ya mali ya ndugu aliyekufa.

Katika desturi za sehemu nyingi za mashariki, shamba linapita kwa mtoto mwanaume. Kwa Bashi, kwa mfano, udongo wa kalinzi uliotolewa na mwami ao watu wake unabaki katika ukoo wa baba. Mjane anaonekana kama mtu aliyekuja, na baba mkubwa anajiona ndiye mwenye kusimamia kila kitu. Katiba ya 2006 inaheshimu desturi, lakini kwa sharti kwamba haipingane na sheria. Na sheria iko: ni Kode ya famili ya 1987, iliyobadilishwa mwezi wa Julai 2016.

Sheria hiyo inasema nini, kama marehemu hakuacha wosia? Watoto wote ndio kundi la kwanza, wasichana sawa na wavulana, hata wale waliozaliwa inje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Wanapata robo tatu ya urizi. Robo inayobaki inaenda kwa kundi la pili, lenye sehemu tatu: mjane ao mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake.

Lakini kabla ya kugawanya urizi, kuko hatua ambayo vikao vingi vya famili vinairuka. Kama bwana na bibi hawakuchagua utaratibu mwingine wakati wa kuoana, sheria inawahesabu kuwa na mali ya pamoja kwa yote waliyopata ndani ya ndoa. Nusu ya mali hiyo si urizi. Ni ya mjane mwenyewe.

Chukua mfano wa famili iliyopata ng'ombe 24 ndani ya ndoa, baba akafariki. Ng'ombe 12 ni za mama, haziongelewi. Zinabaki 12. Watoto wanapata 9. Zinabaki 3: moja ya mama tena, moja ya wazazi wa marehemu, na moja ya ndugu zake wote pamoja. Kwa hiyo mama yuko na ng'ombe 13, na baba mkubwa aliyekuja na fimbo ya kuchunga atagawana ng'ombe moja na dada na wadogo zake. Hesabu hii ikiwekwa mezani, sauti zinapungua.

Juu ya nyumba, mjane ana haki ya kuendelea kuishi ndani ya ile aliyoishi na bwana wake, na kutumia vyombo vyake. Kumwambia arudi kwao kisha sikukuu, kama inavyotokea, ni kinyume cha sheria. Mwenye kusimamia kugawanya pia anajulikana: ni mrizi mwenye umri mkubwa kuliko wengine, ao yule ambaye warizi wenyewe wamemchagua. Sheria haikuandika kwamba ni baba mkubwa.

Kuko kizuizi kimoja, na kinaumiza wanawake wengi. Haya yote yanasimama juu ya ndoa inayojulikana. Ndoa ya desturi, yenye mahari iliyotolewa mbele ya famili mbili, inakubalika, lakini inapashwa kuandikishwa kwa eta sivili. Bila karatasi hiyo, mjane anaanza kwa kuhakikisha kwamba alikuwa mke, mbele ya mashemeji ambao wana faida ya kusahau. Wale ambao wote wawili wako bado hai wanaweza kutumia vakansi hii hii kwenda kuandikisha ndoa, maana mashahidi wa pande zote mbili wako nyumbani.

Kama famili haielewane, kesi inaweza kuanzia kwa chifu wa kijiji kwa kujaribu kupatanisha. Kisha kuko tribinali ya amani, ambayo inahukumu mambo ya famili, ya urizi na ya mashamba ya desturi.

Wale ambao hawatafika

Mwaka huu pia viti vingi vitabaki wazi. Kuko walio katika kambi za wahamiaji wa ndani, walio Nakivale kule Uganda ao Nyarugusu kule Tanzania, na walio upande mwingine wa mstari wa vita, ambao kijiji chao kiko kilometa chache tu lakini njia haipitiki. Simu inawekwa katikati ya meza na wanafuata kikao kwa WhatsApp. Ni kitu kizuri, ila sauti ya simu haitie sahihi. Mrizi asiyeweza kufika anaweza kuandika barua inayomtuma mtu mmoja amsemee, ikisema wazi juu ya shamba gani na mpaka wapi, na kupiga picha yake pamoja na kadi yake kabla ya kuituma.

Yaliyopatanwa yanaandikwa siku hiyo hiyo: tarehe, majina ya waliokuwa hapo, mipaka ya shamba kwa miti ao mito inayojulikana, sahihi ya kila mmoja, na ya majirani wawili wanaopakana na shamba. Kopi moja inabaki kwa mjane. Kuanzia tarehe 2 Januari magari ya kurudi mjini yanajaa, na wale waliosema tutaandika kesho wanakuwa tayari wameshika nafasi zao parkingini.