Uchovu Unaoanzia Wodi ya Wazazi

Katika malalamiko yote yanayofika mbele ya mganga wa zahanati, uchovu ndio mgumu kuukamata. Mtu anayesema mwili hauna nguvu anaweza kuwa na malaria, upungufu wa damu, minyoo, kichocho, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kisukari, sonona, au mzigo wa kazi za shamba la tumbaku usiompa nafasi ya kupumzika. Katika Mkoa wa Katavi, ambako sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 na ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958, foleni ya wagonjwa imerefuka na muda wa kumsikiliza kila mmoja umefupika. Wengi wao hupata tiba wakapona. Lakini wapo wanaobaki: wamemeza dawa za malaria, wameongezewa damu, wamepimwa hiki na kile, na mwaka wa tatu bado hawana nguvu. Kwa watu hawa sayansi ya tiba ina majina mawili yanayochanganywa mno, yaani ugonjwa wa uchovu sugu, na upungufu wa homoni ya ukuaji kwa mtu mzima. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba dalili pekee haziwezi kuyatenganisha magonjwa haya. Kinachoyatenganisha ni historia ya mgonjwa. Na kwa mwanamke wa Mpanda, Mishamo au Karema, sehemu ya historia hiyo inayostahili kuulizwa kwanza ni siku aliyojifungua.

Wengi hudhani homoni ya ukuaji humaliza kazi yake mtu anapoacha kurefuka. Sivyo. Homoni hii hutengenezwa na tezi ya pituitari, kitu kidogo kama punje ya njegere kilicho chini ya ubongo, nayo huendelea kufanya kazi maisha yote: kulinda misuli na mifupa, kuyeyusha mafuta, kusaidia moyo na kuupa mwili uwezo wa kuhimili kazi. Jambo hili lilithibitishwa kwa watu wazima mwaka 1989, muda mfupi baada ya maabara kupata njia ya kutengeneza homoni hiyo bila kuitoa kwenye maiti. Katika jaribio lililofanyika London, watu wazima 24 waliokuwa na upungufu walifuatiliwa kwa miezi 6. Waliopewa homoni waliongezeka takribani kilo 5.5 za mwili usio wa mafuta na kupoteza kiasi kinachokaribia hicho cha mafuta. Madaktari wa Denmark walichapisha matokeo yanayoelekea upande huo huo mwaka huo huo. Tangu hapo imeeleweka kwamba mtu mzima asiye na homoni hii huchoka upesi, misuli hulegea, tumbo hunenepa, usingizi haumburudishi, hupoteza hamu ya mambo na hupendelea kukaa peke yake.

Sasa weka kando yake picha ya uchovu sugu. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza vigezo vinavyotumika sana leo: uwezo wa kufanya shughuli za kawaida uwe umeporomoka kwa zaidi ya miezi 6, usingizi usiwe wa kuburudisha, mgonjwa azidiwe baada ya juhudi, na pamoja na hayo awe na ukungu wa mawazo au hali ya kuzidiwa anaposimama wima. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Ukisoma orodha hizi mbili kwa haraka utadhani ni orodha moja, maana uchovu upo huku na huku, na usingizi mbovu upo. Tofauti iliyo wazi zaidi ni ile ya kuzidiwa baada ya juhudi. Mwenye uchovu sugu anaweza kulima nusu ya tuta leo, kesho au keshokutwa akashindwa kuinuka kitandani, na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Aliyechoshwa na kazi tu akilala hupata nafuu. Huyu akilala hapati. Alama hiyo ina uzito, lakini haitoshi kufunga jalada, kwa sababu mwenye upungufu wa homoni naye huilipia nguvu aliyoitumia, na wagonjwa wachache huulizwa maswali ya kina kiasi hicho.

Kufanana huku kumewavuta watu kwenye njia ya mkato: kama dalili zinalingana, basi mwenye uchovu sugu apewe homoni ya ukuaji. Wazo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 wa uchovu sugu waliopewa homoni hiyo. Viashiria vya homoni katika damu vilipanda na mwili usio wa mafuta uliongezeka, lakini ubora wa maisha kwa kipimo chao haukubadilika vya kutosha kuitwa mafanikio, ingawa wachache waliweza kurudi kazini. Funzo lililopo hapo ni la msingi. Namba ndogo katika damu inaweza kuwa matokeo ya ugonjwa badala ya chanzo chake. Usingizi mbovu hupunguza homoni ya ukuaji, kwa kuwa sehemu kubwa yake hutolewa mtu akiwa katika usingizi mzito, unene huipunguza, na kile kiashiria chake kikuu kinachopimwa katika damu hushuka kwa mtu mwenye utapiamlo, ugonjwa wa ini au kisukari kisichodhibitiwa. Mahali ambapo lishe duni ni jambo la kawaida, kipimo kimoja cha chini hakiwezi kuitwa ugonjwa wa pituitari. Lazima kuwe na sababu ya kuishuku tezi yenyewe.

Sababu hiyo huletwa na historia. Mwaka 1937 Harold Sheehan, tabibu wa uchunguzi wa maiti katika hospitali ya wazazi ya Glasgow, alieleza jinsi sehemu ya mbele ya pituitari inavyokufa kwa wanawake waliotokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Wakati wa ujauzito tezi hii huvimba, kwa kuwa seli zinazoandaa maziwa huongezeka, lakini mishipa inayoilisha haiongezeki kwa kiasi hicho, na damu huifikia kwa msukumo mdogo. Mama akitokwa damu hadi shinikizo likaporomoka, tezi iliyovimba hukosa damu kabla ya viungo vingine na sehemu yake hufa. Seli za homoni ya ukuaji na zile za maziwa ziko miongoni mwa zinazoumia mapema. Ndiyo maana ishara ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutotoka, kisha hedhi isiyorudi, nywele za kwapani na za sehemu za siri kupukutika, na uchovu unaoongezeka polepole. Tezi inaweza kuharibika kwa saa chache, lakini ugonjwa ukachukua miaka mingi kujulikana.

Katika nchi zenye huduma bora za uzazi ugonjwa wa Sheehan umekuwa adimu. Kwingine hali si hiyo. Utafiti wa Kashmir uliochapishwa 2005 ulikadiria kwamba takribani asilimia 3 ya wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 20 waliowahi kuzaa walikuwa nao, na wengi wa waliogunduliwa walikuwa wamejifungulia nyumbani. Haifai kuichukua namba ya Kashmir na kuibandika Katavi. Kinachoweza kuhamishwa ni mantiki yake: ugonjwa hufuata damu iliyopotea na msaada uliochelewa. Katavi ni mkoa wa umbali mrefu, wenye makazi yaliyotawanyika kati ya hifadhi, misitu na Ziwa Tanganyika, na wenye barabara za vijijini ambazo mvua huzikata. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshaanza kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Anayeanza mapema ana miaka mingi ya uzazi mbele yake, na tumbo la uzazi lililobeba mimba nyingi hulegea kwa urahisi zaidi baada ya kujifungua, jambo ambalo ni chanzo kikuu cha kutokwa damu. Upande wa pili, tafiti za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Ni mafanikio makubwa, nayo yanaleta wajibu mpya: mama aliyenusurika mshtuko wa kupoteza damu asihesabiwe kuwa amemaliza safari siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa nini basi ugonjwa huu hausikiki? Nadhani jibu limo katika namna taarifa zinavyogawanywa. Kutokwa damu huandikwa katika kitabu cha taarifa za afya (MTUHA) cha wodi ya wazazi. Maziwa kutotoka huchukuliwa kuwa tatizo la lishe ya mtoto, na jitihada zote huelekezwa kumtafutia mtoto chakula. Mahudhurio ya mama baada ya kujifungua huishia siku ya 42, wakati ambapo kukosa hedhi bado ni jambo la kawaida. Uchovu huandikwa miaka baadaye katika kitabu cha wagonjwa wa nje, pengine katika kituo kingine kabisa. Vitabu hivi havikutani, na mtu pekee anayebeba kurasa zote ni mgonjwa mwenyewe, ambaye hakuna aliyemwambia kuwa zinahusiana. Maswali matatu yanaweza kuziunganisha: Je, katika uzazi wako wa mwisho ulitokwa damu nyingi hadi kuzimia au kuongezewa damu? Je, maziwa yalitoka? Je, hedhi ilirudi?

Mhudumu mwenye uzoefu atapinga hapo hapo. Atasema wanawake wengi hawapati hedhi kwa sababu ya sindano ya uzazi wa mpango, wengine wananyonyesha, wengine wamefikia ukomo, hivyo swali la tatu litawakamata wasiohusika. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndilo linaloonyesha kwa nini maswali ni matatu. Sindano husimamisha hedhi lakini haielezi maziwa yaliyokosekana siku ya tatu. Anayenyonyesha kwa hakika ana maziwa. Jibu moja halina uzito. Majibu matatu yanayokwenda pamoja kwa mwanamke ambaye hatumii sindano na hajafikia umri wa ukomo ni onyo ambalo halipaswi kupuuzwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: homoni ya ukuaji kwa kawaida ni sindano ya kila siku yenye bei isiyofikika, na kipimo chake cha uhakika huhitaji kushusha sukari ya mgonjwa chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari. Kuna faida gani kugundua kisichotibika Mpanda? Faida ipo, kwa sababu pituitari iliyoharibika mara nyingi haikosi homoni ya ukuaji peke yake. Hukosa pia ile inayoamuru kotisoli na ile inayoamuru tezi ya thairoidi, na hizo mbili zina tiba ya vidonge vya bei nafuu. Asiye na kotisoli anaweza kufa kwa malaria au kuhara ambako jirani yake angekushinda. Kwa hiyo anayesaka chanzo cha uchovu huo anaokoa maisha hata kama homoni ya ukuaji yenyewe haitapatikana. Zaidi ya hayo, miongozo ya kitaalamu inakubali kwamba mwenye ugonjwa wa pituitari unaojulikana, aliyepoteza homoni nyingine tatu au zaidi na ambaye kiashiria chake katika damu kiko chini, hahitaji kipimo kile cha hatari.

Hapa kuna mitego miwili ambayo kila mtabibu anapaswa kuijua. Wa kwanza ni kupima TSH, yaani ile homoni ya pituitari inayoamuru thairoidi, peke yake. Pale tezi ya thairoidi inapougua yenyewe, TSH hupanda; pale pituitari inapokufa, TSH inaweza kuonekana ya kawaida huku homoni ya thairoidi ikiwa imeshuka, na mgonjwa akaambiwa ni mzima. Wa pili ni mpangilio wa tiba. Kotisoli hurudishwa kwanza, ndipo thairoidi, kwa maana kuanza na thairoidi kunaweza kumaliza kotisoli kidogo iliyobaki na kumwingiza mgonjwa katika hali ya hatari. Homoni ya ukuaji hufikiriwa mwisho, baada ya hizo kusawazishwa.

Wanaume nao hawako nje ya hoja hii. Jeraha kubwa la kichwa ni chanzo kinachojulikana cha pituitari kudhoofika: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2007 ulikuta takribani robo ya waliofuatiliwa baada ya majeraha hayo walikuwa na upungufu wa homoni moja au zaidi. Kwa kijana wa bodaboda aliyewahi kupoteza fahamu barabarani kisha akawa mchovu na mzito wa mawazo, swali la kichwa ni sawa na swali la uzazi kwa mwanamke. Na katika ukanda huu wenye mbung'o, malale yasisahauliwe. Utafiti uliofanywa Uganda miaka ya 1990 ulionyesha kwamba ugonjwa huo huvuruga mawasiliano ya ubongo, pituitari na tezi za uzazi.

Mwisho kuna pingamizi la wenye uchovu sugu wenyewe, wanaohofia kwamba kila anayetafuta homoni anataka kusema ugonjwa wao haupo. Ninasema kinyume chake. Utambuzi wa uchovu sugu una heshima pale unapofikiwa baada ya maswali kuulizwa na magonjwa mengine kuondolewa kwa haki. Anayebaki na jina hilo aaminiwe, asishurutishwe kujikaza kwa mazoezi yanayomwongezea maumivu, na asiuziwe sindano ya homoni kama dawa ya nguvu.

Kinga iko mbele ya yote haya. Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, lilionyesha kwamba kupima damu inayopotea kwa mfuko wenye alama na kutoa tiba zote kwa pamoja mara damu inapozidi kulipunguza matokeo mabaya kwa asilimia 60. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, unampatia mama wa kijijini usafiri wa dharura kwa kupiga 115. Kila dakika inayookolewa hapo inaokoa uhai na inaweza kuokoa tezi pia. Kwa waliokwisha kuvuka bila msaada huo, tuanze na jambo lisilohitaji bajeti: maswali matatu yaandikwe katika fomu ya kila mwanamke anayelalamikia uchovu usioisha, na majibu yanayotia shaka yamfikishe hospitali ya rufaa ya mkoa kwa vipimo vya kotisoli na thairoidi, kabla hajaandikiwa kwa mara nyingine vitamini na kurudishwa nyumbani.