Kibanda, Mabanda na Wajukuu: Nani Mwenye Kazi ya Sanaa?

Kiambishi ki- aghalabu hudunisha. Kibanda ni banda dogo, na mara nyingi neno hilo hubeba dharau kwa anayeishi ndani yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Wilaya ya Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Kambi ya Benaco ikajaa vibanda vya miti, nyasi na maturubai. Kibanda cha namna hiyo hakina fundi mmoja: huyu hukata mti, yule hushika turubai, mwingine hufunga kamba. Lugha hukiita kidogo, ilhali jambo linalofanyika ni kubwa.

Ujenzi huo wa pamoja, kwa vifaa vilivyopo, umeingia pia katika sanaa. Mfano bayana ni kikundi cha Wajukuu Art Project cha Mukuru, Nairobi, mojawapo ya maeneo ambayo Wakenya huyaita mitaa ya mabanda. Mwaka 2022 kikundi hicho kilishiriki katika maonyesho ya documenta fifteen mjini Kassel, Ujerumani. Wasanii hao waliufunika mlango wa jumba la documenta Halle kwa mabati yenye kutu, wakaugeuza kuwa njia ya giza ambayo mtazamaji hupita kabla ya kufika ukumbini. Sanaa ya aina hii haimsimamishi mtazamaji mbele yake, humwingiza ndani.

Jina la kikundi nalo linastahili kuchambuliwa. Mjukuu ni nomino ya uhusiano: hapana mjukuu pasipo babu au bibi. Isitoshe, jina hilo limewekwa katika wingi. Anayetajwa kuwa mwenye kazi, basi, si msanii mmoja mwenye kipaji, bali kizazi kinachorithi na kitakachorithiwa. Ndiyo maana kuwafundisha watoto wa Mukuru sanaa ni sehemu ya kazi yenyewe, wala si hisani ya pembeni.

Hata hivyo, ipo hatari. Bati la mtaa wa mabanda likifika Ulaya laweza kutazamwa kama kioja, na anayelala chini yake akasahauliwa. Kinga dhidi ya hatari hiyo haimo katika bati, bali katika mahali yanakorudi matunda ya kazi. Yakirudi kwa watoto wa mtaa, wingi wa jina Wajukuu ni wa kweli. Yasiporudi, ni wingi wa kisarufi tu.